Mrukaji Asiyejua Kusimama

Munuki, Juba
Jumapili, 8 Machi 2009

Mdogo wangu mpendwa Lako,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko, na kile kifua kinachokusumbua baridi ya Nairobi ikianza, kimetulia? Unakunywa tangawizi kweli, au unaniambia ndiyo ili ninyamaze? Sisi hapa tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mwanangu Soro anasoma, joto linatuchemsha kama maharagwe, na simu za hapa zinakatika kabla mtu hajamaliza kusalimiwa, ndiyo maana nakuandikia. Barua haikatiki.

Sasa nisikuzungushe. CD imefika! Mtu wa basi aliifunga ndani ya fulana zake, ikafika bila mkwaruzo hata mmoja. Nilitoka Misa nikaenda moja kwa moja kwa Abuna Lado (hapa padre tunamwita Abuna), nikamwambia, "Abuna, mchezo wa kompyuta wa ndugu yangu ndio huu." Unajua alifanya nini? Aliwasha jenereta ya parokia saa hiyo hiyo, kwa ajili yako! Tukaingia ofisini, mimi na yeye na jirani yangu Sanyu, yule mama wa Uganda anayeuza ndizi. Yeye hakualikwa na mtu. Aliniona natembea haraka, akanifuata.

Lako, alipotokea yule mrukaji wa kofia ya njano nilipiga kigelegele mle mle ofisini mwa padre. Ni yeye! Yule yule wa kwenye kibanda cha michezo ya video kule Kawangware, ambaye nilikuwa nakutoa kwake kwa kukuvuta sikio. Ulimpenda tangu una meno ya utoto, na sasa umemchukua umempa mchezo wako mwenyewe, umeandika kwa Kiswahili safi kwamba anatoka Nairobi anarudi nyumbani kwao Juba. Katika ukoo wetu wote wa Gune, nani mwingine amewahi kutengeneza kitu kikatembea chenyewe?

Basi tukaanza kumchezesha. Na wewe uliniambia nikueleze ukweli, na hii ni Kwaresima, kwa hiyo hata nikitaka kukupamba siwezi.

Mtu wako anachelewa. Unabonyeza aruke, yeye anakaa kwanza anafikiri, halafu anaruka wakati ameshatumbukia. Sanyu alimkemea kabisa: "Wewe bwana, sisi iko nakuita, wewe iko nalala?" Akiruka, kofia inabaki hewani peke yake, inamfuata baadaye kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mandazi ya kuokota umeyatundika juu mno, hakuna binadamu wa kuyafikia, labda malaika. Mamba umemweka juu ya paa. Boda boda zote zinakwenda kinyumenyume na dereva anatabasamu. Na ule wimbo! Ni wewe uliyeuimba kwa pua, au nimekosea? Unaisha na kuanza tena mpaka Abuna akawa anaufuata kwa mguu bila kujua.

Halafu nchi yenyewe, ndugu yangu. Nyakuron umejenga ghorofa tano. Abuna ameuliza ni ya nani, yeye anatafuta chumba. Na Rejaf umeiweka katikati ya mji, kati ya Nyakuron na Munuki, kama kituo cha boda boda. Rejaf iko nje, kusini, huko kwa wakulima na wavuvi! Na ukifika hiyo Rejaf yako ardhi haimshiki. Anazama mchangani na kuendelea kushuka, hafi, haondoki, anashuka tu na wimbo unaendelea. Tulimwangalia mpaka Abuna akasema, "Charity, huyu anaelekea pabaya, tumwombee." Mara zote tulizojaribu tuliishia hapo. Kwa hiyo Munuki hatujaiona, na mwisho wa mchezo hatuujui.

Lakini sikiliza sasa, ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu. Wafadhili wameiletea parokia kompyuta, ziko kwenye maboksi, hakuna anayejua kuzifundisha. Abuna anakutaka wewe! Anataka kuuonyesha mchezo ukutani kwa mashine ya picha Jumatatu ya Pasaka, pale kwenye kituo cha utamaduni Nyakuron, mbele ya vijana na wazazi wa parokia, ili watu wakujue kabla hujafika. Nami, Mungu anisamehe, nilimjibu utakuja kabla sijakuuliza. Moyo wangu unaruka kuliko huyo mtu wako. Utakuja? Na mchezo, tuuonyeshe ulivyo, au usubiri kwanza uutengeneze?

Nijibu upesi, Abuna ananiuliza kila anaponiona.

Dada yako,
Charity

*

Kawangware, Nairobi
Jumamosi, 21 Machi 2009

Dada Charity,

Salamu nyingi kwako na kwa Soro, na kwa huyo Sanyu ambaye simjui lakini nimeshamwogopa. Kifua kiko sawa. Tangawizi nakunywa, siku nyingine.

Nimecheka barua yako nikiwa kazini, wateja wa saiba wakageuka wakaacha intaneti yao. Kila ulichosema ni kweli. Mchezo niliuunganisha vipande vipande kwenye kompyuta ya tajiri wangu wakati hakuna mteja, nikijifunza huku natengeneza. Kuruka kunachelewa kwa sababu ile kompyuta yenyewe inachelewa, nilidhani ndivyo ilivyo. Kofia nilijaribu kuirekebisha, ikawa inatangulia, nikaona afadhali ifuate. Lile shimo la Rejaf silielewi hata mimi. Na ndiyo, ni pua yangu.

Lakini hiyo nchi, dada, nimeijengea kwa maneno yako. Ulikuwa unanisimulia ukiosha vyombo. Ulisema kulikuwa na mto, kulikuwa na Rejaf, kulikuwa na Nyakuron. Hukuwahi kusema upande gani. Mimi nilitoka Juba nikiwa mgongoni mwako, ningejuaje? Mahali ulipokomea nilichora Nairobi.

Sasa nikufungulie moyo. Tajiri anafungua duka la pili Thika na anataka nilisimamie mimi. Anataka jibu mwisho wa mwezi wa tano. Ni kazi nzuri. Na Juba naitaka, naiota, lakini naogopa. Hapa polisi akinisimamisha mimi ni mkimbizi. Huko nikishuka kwenye basi nitakuwa Mkenya. Kiarabu cha Juba sijui hata salamu. Watu wataniangalia na kusema huyu naye ametoka wapi?

Basi nimeamua hivi, usinicheke. Mwonyesheni mtu wangu hivyo hivyo alivyo, na kofia yake inayochelewa. Watu wa Juba wakimpokea, nitajua nami watanipokea, nitakuja. Wakimkataa, nitakwenda Thika, na hatutagombana. Niandikie walichosema, neno kwa neno. Usinipambie. Wewe una moyo wa kufunika watu blanketi, safari hii nifunue.

Mkipita Rejaf kwa bahati, mwisho upo. Kuna mlango, na kuna kitu nimekuwekea hapo.

Nasubiri.

Mdogo wako,
Lako

*

Munuki, Juba
Jumanne, 14 Aprili 2009

Lako wangu,

Kristo amefufuka! Salamu za Pasaka, na kifua, na tangawizi, yote nakuuliza kwa pamoja kwa sababu siwezi kungoja! Naandika mbiombio kwa furaha, ukiona mwandiko umepinda nisamehe.

Jana ndiyo jana! Watu walijaa pale Nyakuron mpaka wengine wakakaa madirishani. Abuna alisema maneno machache, kwamba mchezo huu umetengenezwa na mtoto wa hapa aliye Nairobi, na una makosa, kama sisi sote. Halafu jenereta ikanguruma, na mtu wako akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango wa kanisa.

Uliniambia nisikupambe. Sawa. Walicheka. Walicheka kofia, walicheka mamba, na ile ghorofa tano ya Nyakuron, wakiwa wamekaa Nyakuron yenyewe, walicheka mpaka mama mmoja akatolewa nje akapepewe. Katekista wetu Igga, unamkumbuka nilivyokueleza, yule asiyependa kitu chochote kisichokuwa na rozari, alisimama akasema kwa sauti, "Mama Soro, ndugu yako alikuwa anatengeneza mtu au sabuni? Mbona hakamatiki?" Watu wakapiga makofi. Mimi nilijibu, "Katekista, wewe njoo umshike kama unaweza." Akaja! Akashika vile vidude vya kubonyeza, akamtumbukiza mtu wako mara moja. Akarudi akakaa.

Vijana wakajaribu mmoja mmoja, wote wakazama Rejaf. Ndipo Sanyu akatoka nyuma na kanga yake, akawasukuma. "Ondokeni, nyinyi iko na haraka. Mimi iko nauza ndizi, mimi najua kungoja." Lako, huyo mwanamke! Alimgeuza mtu wako akampeleka kinyumenyume, mgongo mbele, kama zile boda boda zako, na shimo halikumwona! Alipita! Ukumbi ulilipuka. Watu wasiojuana walikumbatiana. Igga alipiga ishara ya msalaba.

Na hapo tukaiona Munuki. Ile Munuki yako, isiyofanana na Munuki hata kidogo. Na nikauona mlango, na mwanamke amesimama mlangoni na kitambaa cha kijani kichwani, na kichwa kimetoboa paa kimetokeza juu. Nikasema, huyo ni nani? Sanyu akaniangalia, akaangalia ukuta, akasema, "Ni wewe." Basi nililia mbele ya parokia nzima. Ungenipunguza urefu kidogo, lakini nililia.

Sasa kumfikisha mlangoni ndiyo kazi. Mtu wako hajui kusimama! Ukimwacha bado anateleza. Anafika mlangoni kwangu, anapita, anakwenda mpaka mwisho wa ukuta, Sanyu anamrudisha, anapita tena upande wa pili, na mimi pale nimesimama na kichwa juu ya paa namtazama tu. Anakwenda, anarudi, anapita. Hapo ndipo watu wote wakasimama. Ulitaka neno kwa neno, na neno lenyewe ni hili, moja tu, kina mama, vijana, wazee, wote kwa sauti moja: "Geni! Geni! Geni!" Ukuta ulitikisika. Igga alipanda juu ya benchi, na soksi zake, akawa anamnyooshea mtu wako kidole, "Geni hini! Geni!" mpaka sauti ikamkauka. Nami nilisema nao, ningenyamazaje?

Halafu jenereta ikaisha mafuta, giza, na hakusimama. Hatujui mchezo unaishaje. Watu wametoka nje bado wanapiga kelele hiyo hiyo. Leo asubuhi nimekwenda sokoni, kila ninakopita mtu ananiambia "Geni, Mama Soro, geni!" na wanacheka, nami nacheka nao. Mji mzima unalisema neno hilo kwa sababu yako!

Ulisema utajua kutokana na watakachosema. Basi nadhani jibu lako umelipata, mdogo wangu. Nimemwambia Abuna mambo yamekwisha.

Nijibu upesi, furaha hii ni kubwa kwa mtu mmoja.

Dada yako,
Charity

*

Kawangware, Nairobi
Jumapili, 26 Aprili 2009

Dada Charity,

Barua nimeipata. Ahsante kwa kunifunua kama nilivyoomba. Sikulaumu.

Nilijua watacheka, hilo halikunisumbua. Lakini neno hilo sikulitegemea. Hata mgeni hawakusema, dada. Mgeni ni mtu, mgeni hupewa maji na kiti. Wamesema geni, kama mtu anavyosema tunda geni au jambo geni. Hata ngeli ya watu wameninyima, wamenifanya kitu. Ukumbi mzima. Na katekista juu ya benchi. Na wewe ukasema nao.

Na sasa wanakutania sokoni kwa sababu yangu. Najua unacheka ili usilie, nakujua. Samahani kwa aibu niliyokuletea.

Lakini ndivyo tulivyokubaliana. Mwambie Abuna atafute mwalimu mwingine. Tajiri nitampa jibu la Thika mwezi wa tano ukiisha. Mchezo nimeufuta wote kwenye kompyuta, hata michoro sikuacha.

Usinipigie. Nikisikia sauti yako sitaweza kuzungumza.

Lako

*

Munuki, Juba
Jumatano, 6 Mei 2009

Lako! Lako mtoto wa mama yangu!

Nakusalimu baadaye, kwanza nisikilize. Kaa! Maana yake ni KAA!

Ngoja nianze vizuri, nitakuchanganya tena. Barua yako niliipokea pale kwa Sanyu, nikaisoma nimesimama katikati ya ndizi, nikadhani mtu wa basi amenipa barua ya watu wengine. Niliisoma tena. Sanyu akaniuliza, "Nani alikufa?" Nikasema sijui, lakini ndugu yangu ananiandikia kama nimemfukuza. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Huyu iko mgonjwa. Watu iko nampenda, yeye iko nakasirika." Nilipiga simu, nikapiga, nikapiga, wala haikupatikana, sijui ni mtandao au ni wewe. Nikaenda kwa Abuna nikilia njia nzima, nikampa barua.

Abuna alisoma. Alipofika pale pa ngeli alisimama kusoma, akaniangalia juu ya miwani. Unajua yeye seminari alisomea Kenya. Akaniuliza polepole, "Charity, ulimwandikiaje ndugu yako walichosema watu?" Nikasema, neno kwa neno, Abuna, geni geni. Akaweka barua chini, akashika kichwa, na akaanza kucheka, padre mzima, mabega yanaruka. "Mama," akasema, "umemwandikia Kiarabu cha Juba ndani ya Kiswahili!"

Lako, sikujua! Naapa mbele ya Bikira Maria sikujua! Neno lilinitoka kama la kwetu. Hapa geni ni kaa. Ni keti, ni tulia, ni ishi. Ukimuuliza mtu anaishi wapi unasema geni wen, na mgeni akiingia kwako unamwambia geni, keti hapo. Nalisema kutwa! Miaka mitatu tu tangu nirudi na ulimi wangu umeshahama bila kuniaga, na mimi nilidhani bado nazungumza Kiswahili cha Kawangware. Hiyo hini nayo ni hapa. Igga alikuwa anasema KAA HAPA!

Mtu wako alikuwa anapita mlango, anateleza, anapita, anateleza, na parokia nzima ikasimama kumwambia akae. Akae hapa! Asipite! Hawakuwa wanamfukuza, walikuwa wanambembeleza. Nimekwambia Igga sauti ilimkauka, ulidhani mtu anakausha sauti Jumatatu ya Pasaka kwa kufukuza mchoro? Na sokoni wananivutia kigoda, ndilo neno lao, "Geni, Mama Soro", wanakumbuka ya Nyakuron wanacheka, nami nakaa nacheka. Hakuna aibu yoyote uliyoniletea. Sijawahi kupewa vigoda vingi hivi tangu nizaliwe.

Nami nilisema nao, ndiyo. Nilikuwa namwambia mtu wa kofia ya njano akae kwangu. Ungetaka nimwambie nini?

Sasa nimekaa nafikiri ulivyosoma barua yangu peke yako, na kila neno la furaha likawa linakuchoma, na moyo unaniuma. Nisamehe. Na wewe nawe, ungeuliza! Ningekuandikia mimi neno baya namna hiyo halafu nimalizie kwamba nina furaha kubwa kwa mtu mmoja? Ulinijua lini nikiwa hivyo?

Salamu sasa. U hali gani? Unakula?

Sitakudanganya kuhusu mchezo wenyewe. Ni kazi mbovu, Lako. Igga anasema hajaona kitu kilichounganishwa vibaya namna ile tangu meza ya sakristia, na kila Jumapili baada ya Misa ananiuliza kwa chinichini utaonyeshwa tena lini. Vijana wamekwishagombana juu ya nini kipo nyuma ya mlango. Wazee wameanza kukosoana wao kwa wao Rejaf ingekaa upande gani wa picha, maana hata wao hawakubaliani. Wanataka kukueleza wenyewe. Wanakungoja kama fundi aliyeacha nyumba bila ngazi.

Na hili la kwamba umefuta kila kitu! Alipofika hapo Abuna alisema, "Si neno, CD tunayo, tumpelekee kwa mtu wa basi, aendelee nayo." Nikasema hapana. Akasema, "Charity, ni kazi ya mikono yake." Nikasema, Abuna, katika mambo ya Mungu nakutii, lakini hili ni la ukoo wa Gune. Nimeifunga kwenye kitambaa changu kile cha kijani, imo ndani ya sanduku langu, na ufunguo ninao shingoni pamoja na msalaba. Mchezo wako sasa uko Juba, na duniani hakuna mwingine. Hautoki. Sanyu ameshatangaza kwamba atakayekuja kuuchukua atapita kwake kwanza.

Ukienda Thika nitakuombea, na nitakupenda vile vile, na CD itabaki sandukuni. Ukiutaka mchezo wako, njoo uuchukue. Halafu ukifika, geni.

Nijibu upesi, mdogo wangu, hata mstari mmoja. Mwezi wa tano hauchelewi kwisha.

Dada yako,
Charity

*

Kawangware, Nairobi
Jumapili, 17 Mei 2009

Dada yangu Charity,

Niliifungua barua yako pale kaunta, nikiwa nimeshajiandaa kuwa mwanaume. Nilifika kwenye KAA nikainama chini ya meza nijifanye natafuta waya. Tajiri akaja akaniuliza, "Lako, una nini?" Nikamwambia nimeambiwa nikae. Akasema, "Si ukae, kiti si hicho?" Nikamwambia, hapana bosi, nikae Juba. Akasema basi Thika atampeleka binamu yake, na akaniuliza huko Juba kuna saiba ngapi. Nadhani ananifuata.

Nisamehe, dada. Nililisoma neno hilo kwa woga wangu, wala sikulisoma kwa sauti yako. Ningelisoma kwa sauti yako ningejua.

Sasa nina haraka kuliko wewe! Godoro nimeshampa jirani. Nitapanda basi Jumanne tarehe 9 Juni, nipitie Kampala mpaka Nimule, na mtu wa basi anasema barabara ikiwa kavu tutafika salama. Mwambie Abuna asizitoe kompyuta kwenye maboksi, Igga asiziguse kabisa. Mwambie Sanyu amefanya jambo ambalo mimi mwenyewe sikujua linawezekana, na nikifika atanionyesha kwenda mgongo mbele kunafanywaje. Na nyuma ya mlango, ukitaka kujua, hakuna kitu. Sikujua nichore nini. Vijana wakimaliza kugombana waniambie aliyeshinda, nitachora hicho.

Ombi moja tu. Kabla sijapanda hilo basi, niandikie maneno mengine yote ya huko yanayofanana na yetu lakini maana yake ni nyingine, nisije nikashuka nikagombana na mji mzima pale kituoni. Andika hata yale ya kutukana. Hayo hasa.

Mtu wa basi anaondoka huko Jumatano tarehe 27. Tafadhali nijibu upesi.

Mdogo wako,
Lako